Venice usiku: jibu kwa mkuu anayempeleka mkewe Oktoba

Mkuu, umesema wewe na shemeji mtakuwa Venice usiku tatu katikati ya Oktoba, mchana mmeshaupanga, ila usiku hamjui mfanye nini. Umesema pia kuna mtu amekwambia mji ule ukifika saa 3 usiku umeshalala, kwa hiyo bora mlale Mestre, upande wa bara, muokoe hela. Naanza na hilo la Mestre maana ndilo linaloamua mengine yote.

Huyo mtu hajakudanganya. Wanaoijaza Venice mchana wengi ni wageni wa kutwa: asubuhi wanamwagwa na treni na mabasi, jioni wanarudi walikotoka. Wenyeji waliobaki kwenye kisiwa chenyewe hawafiki 50,000. Mwaka 2024 jiji likaanza hata kuwatoza hao wa kutwa kiingilio, siku teule za kuanzia Aprili mpaka Julai, na saa za kutozwa ni kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 10 jioni. Angalia hapo: ukiingia baada ya saa 10 hudaiwi kitu, kwa sababu jiji lenyewe linajua msongamano unaisha lini. Yeye anaona mji umekufa, mimi naona umeachiwa nafasi. Nilisoma Padova, nusu saa hivi kwa treni, na muda wote ule nilikuwa naenda Venice jioni. Mchana ukipita daraja la Rialto unasukumwa kama mzigo. Usiku unasimama katikati ya daraja unavyotaka na hakuna wa kukwambia sogea.

Kwa hiyo lala kisiwani, hata kama ni usiku mmoja tu kati ya hizo tatu. Mestre ni bei nafuu kweli, treni ni kama dakika kumi, lakini treni za mwisho zinaondoka karibu na saa 6 usiku. Baada ya hapo zinabaki basi za usiku za kutoka kituo cha mabasi cha Piazzale Roma. Zipo, zinafika, ila ukishaanza kuangalia saa kila baada ya dakika tano huo si usiku tena, ni safari ya kuwahi usafiri. Kwa Waislamu na wanaotafuta chakula halali Mestre ina faida moja: jamii ya Wabangladeshi pale ni kubwa, migahawa yao iko jirani na stesheni. Usiku mbili Mestre, moja kisiwani, ukitaka kubana. Ila hiyo moja usiifanye ya kwanza, mtakuwa mmechoka na ndege.

Gondola sasa, ile boti nyembamba ya kasia, maana najua shemeji ataiuliza. Bei ni ya jiji, si ya kupatana: mchana euro 90 kwa nusu saa, na kuanzia saa 1 usiku inapanda hadi euro 110 kwa dakika 35. Hiyo ni bei ya chombo kizima, watu hadi watano, siyo ya kila kichwa. Wakikuimbia, wimbo una bei yake pembeni. Sasa piga hesabu: katikati ya Oktoba jua linazama kabla kidogo ya saa 12 na nusu jioni. Ukipanda saa 12 na robo unapata machweo na taa zinaanza kuwaka, kwa bei ya mchana. Anayekuja Julai hana ujanja huo, kule jua linazama karibu saa 3. Usipandie uwanja wa San Marco wala Rialto, nenda vituo vya ndani kidogo, na kabla hujaweka mguu mwambie mpiga kasia unataka mifereji midogo. Mfereji mkuu una mawimbi ya boti za injini na moshi wake, mapenzi yanageuka kichefuchefu.

Mkishakaa, mtazame chombo chenyewe. Kimepinda. Ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24 hivi, kwa sababu anayekiendesha anasimama upande mmoja na kasia moja tu. Kingekuwa sawasawa kingezunguka mahali pamoja. Na kuna kelele moja wanayotoa kabla ya kona, "oeee", ili anayekuja upande wa pili asikie. Kwenye mfereji mwembamba sauti ile inagonga kuta na kurudi. Mimi hiyo inanitosha kuliko wimbo wa kulipia.

Kama euro 90 ni nyingi, na kwa wengi wetu ni nyingi, fanya hivi badala yake. Kuna boti za abiria za jiji, vaporetto. Tiketi ya dakika 75 ni euro 9.50, ya saa 24 ni euro 25. Panda namba 1 pale stesheni ya treni kama saa 3 usiku, kaa nje, mbele au nyuma, popote penye upepo, ushuke San Marco. Ni robo tatu ya saa hivi. Mchana namba 1 ni vita ya mabegi. Saa hiyo mnaweza kupata viti nje bila kugombana na mtu. Na kinachoonekana usiku mchana hakionekani: ndani ya nyumba. Yale majumba ya Mfereji Mkuu yakiwasha taa unaona dari zilizochorwa, boriti zilizopakwa rangi, mataa ya vioo vya kisiwa cha Murano yananing'inia kama mashada. Kuna siku niliona mtu anapiga pasi chini ya dari lenye malaika wa dhahabu, shati lake linaning'inia kwenye mkono wa kiti. Utaona pia madirisha mengi meusi, jumba baada ya jumba, wenyewe hawakai huko. Upande wa kushoto mtapita Ca' Vendramin Calergi, ambayo leo ni kasino, na ndimo mtunzi wa opera Wagner alimofia mwaka 1883. Kasino mimi sikushauri, ila hiyo ni mimi.

Chakula kina saa zake, na hapa wageni wengi wanaumia. Vibaa vidogo vya vitafunio, bacari, vile vya jirani na soko la Rialto, vinachangamka kuanzia saa 12 jioni na vingi saa 3 vinaosha sakafu. Pale unasimama kaunta unaonyesha kidole: kipande cha mkate chenye chewa mkavu aliyesagwa na mafuta mpaka akawa mlaini kama siagi, dagaa wakubwa walioungwa vitunguu na siki, pweza. Kila kimoja ni euro mbili hivi, vitano au sita vinashibisha. Asiyekula nguruwe aulize, maana nyama za kwenye mkate mara nyingi ndiyo hiyo hiyo. Upande wa samaki ni salama. Asiyekunywa pombe aagize Crodino au chinotto, vyote ni vichungu kidogo, na unashika glasi kama wenzako.

Mgahawa wa kukaa, jikoni kunafungwa karibu saa 4 usiku, usiende saa 4 kasorobo ukategemea tabasamu. Na samaki kwenye menyu soma maandishi madogo: ukiona "all'etto" maana yake bei ile ni ya gramu mia. Samaki mzima wa kilo moja unamzidisha kwa kumi. Jamaa zangu fulani walifikiri wamepata samaki wa euro 8, bili ilipokuja mmoja wao alivua miwani akaifuta, akasoma upya. Mgahawa haukuvunja sheria yoyote, bei ilikuwa imeandikwa. Kuna pia "coperto", hela ya kukalia meza, euro mbili tatu kwa kichwa, hiyo ni kawaida yao usigombane.

San Marco muifikie baada ya saa 3. Mikahawa ya pale ina bendi zake, Florian (ipo tangu 1720) na jirani zake wa ng'ambo ya uwanja, na wanapokezana: huyu akimaliza yule anaanza. Ukikaa kwenye kiti unalipia kahawa ya bei ya kuruka na juu yake hela ya muziki kwa kila mtu. Ukisimama hatua tano nyuma ya viti, muziki ni uleule na bei ni sifuri. Wapo wanaocheza dansi pale uwanjani kabisa, wazee kwa vijana, hakuna anayeshangaa. Hali ya hewa ikiwa mbaya bendi hazitoki nje. Msikae chini kwenye ngazi na kufungua vyakula, kuna faini na askari wa jiji hawana utani na hilo.

Mkivumilia mpaka saa 6 usiku mtasikia kengele kubwa ya mnara wa uwanja huo, Marangona. Mnara wenyewe si wa kale kama unavyoonekana: ule wa kale ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, huu ulifunguliwa 1912, umejengwa palepale kwa sura ileile. Kengele hiyo ndiyo pekee iliyopona kati ya zote.

Maji nayo. Oktoba ni mwanzo wa msimu wa bahari kujaa. Tangu Oktoba 2020 kuna malango ya chuma baharini, MOSE, yanayoinuliwa wakitabiri maji makubwa, kwa hiyo yale mafuriko ya kwenye habari hayatokei kirahisi tena. Lakini uwanja wa San Marco ndio sehemu ya chini kuliko zote, maji ya wastani bado yanachungulia kupitia mashimo ya sakafuni. Yakiwakuta, msikimbie. Sentimita tatu za maji uwanja mzima na taa zote zile zimelala humo chini, hiyo ndiyo picha ya kupiga. Vaa viatu usivyovipenda.

Mkitaka muziki wa kukaa, ninachopendekeza ni kanisa la San Vidal, karibu na daraja la Accademia, wanapiga muziki wa Vivaldi jioni. Mtunzi huyo ni mtoto wa mji huu, kazaliwa hapa 1678. Ukumbi ni mdogo, unaona nywele za upinde wa fidla zinavyokatika. Mkitoka pandeni daraja la Accademia lililo hatua chache tu, mtazame kuelekea baharini: lile kuba kubwa ni Salute, kanisa la nadhiri baada ya tauni ya 1630. Wenye mfuko zaidi waende La Fenice, jumba la opera lililoungua Januari 1996, likafunguliwa tena 2003. Lina viti vya bei nafuu pembeni, ila mengine ya jukwaani utayasikia tu. Uliza kabla hujalipa.

Zaidi ya hapo ni kutembea. Vichochoro vyake ni vya Mji Mkongwe kabisa, aliyekulia Malindi au Shangani pale Unguja hatapata shida, tofauti ni kwamba hapa kichochoro kinaweza kukuishia majini, bila ukuta wala kamba. Ramani ya simu inachanganyikiwa kati ya kuta, usiku angalia miguu kwanza, simu baadaye. Vibao vya njano vya "Per Rialto" na "Per S. Marco" vinatosha. Kuhusu usalama, mimi mweusi nimetembea peke yangu saa 8 usiku mitaa ya Cannaregio na Castello na sikusumbuliwa. Wezi wa mifukoni ni wa mchana, kwenye boti zilizojaa. Pasipoti tembea nayo. Wauza maua watamlenga shemeji, wakishamshikisha ua mkononi utalipa tu, kwa hiyo mikono mfukoni mapema.

Maduka karibu yote yamefungwa saa hizo lakini madirisha yana taa. Mwonyeshe shemeji shanga za vioo. Tanuri zilihamishiwa Murano mwaka 1291 kwa kuogopa moto, na karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Unguja kwa maboksi, zikaingia bara na misafara kubadilishwa na pembe za ndovu. Huenda mababu zetu walizivaa kabla Mzungu wa kwanza hajafika kijijini. Za leo dukani nyingine si za Murano kabisa, za kununua nunua mchana kwa anayekuonyesha anavyozitengeneza.

Na yule mdau mwingine aliyeuliza kuhusu disko: kisiwani hakuna cha maana. Vijana wa chuo wanajaa Campo Santa Margherita, na Fondamenta della Misericordia kuna baa zimejipanga kando ya mfereji, watu wamekaa ukingoni miguu inaning'inia, mpaka kama saa 7 wikiendi. Majirani wakichoka wanapiga simu polisi. Klabu za kukesha ni Jesolo, ufukweni, na hizo ni za kiangazi; Oktoba mtakuta viti vimepinduliwa juu ya meza.