Jibu: Mfumo upo, mafunzo yamefanyika, watu bado wanaleta karatasi

Umeuliza kwa nini hapo chuoni kwenu Pemba mfumo mpya wa kompyuta umeshafungwa, watu wamekaa mafunzoni siku tatu, na bado makaratasi yanatembea afisi hadi afisi. Tena ukauliza kama kuteua "vinara" kila idara, yaani mfanyakazi wa kuwasaidia wenzake kuuzoea mfumo, kutasaidia. Mimi niko chuo kimoja hapa Unguja, upande wa usajili. Hilo la vinara tumelifanya mara mbili, na mara ya kwanza tuliliharibu wenyewe.

Ilikuja barua kutoka juu, kila mkuu wa idara atoe jina moja. Wengi wakatoa kijana aliyeajiriwa juzi, eti "hawa ndio wanaojua simu". Mmoja akatoa mtu ambaye hakuwa na kazi ya kumpa. Fulana zikachapwa. Wiki mbili hazijesha, vinara wamekuwa watumwa wa printa: wino umekwisha, mwite kinara, waya umechomoka, mwite kinara. Kazi zao zikalala, wakubwa wao wakanuna, fulana zikaishia kuvaliwa siku ya usafi.

Tulidhani watu hawajui. Kumbe zaidi wanaona haya. Mtu ana miaka 25 kazini, kila anayepita mlangoni anamwamkia, leo amuulize mtoto wa juzi faili limejihifadhi wapi? Bora abebe karatasi yake.

Nilikuja kulielewa hilo kwa bi mmoja wa afisi ya jirani. Alikuwa na orodha ya simu za wanafunzi, zaidi ya 300. Kila akiandika 0777, Excel inaila sifuri ya mwanzo. Basi alikuwa anachapisha orodha nzima, kisha anarudishia sifuri kwa kalamu, moja moja, kila muhula. Nilipomkuta akasema, "Mwanangu, hii kompyuta hainitaki." Nikakaa pembeni, mausi nikamwachia yeye. Nikamwambia achague kolamu yote, abadilishe aina yake iwe maandishi, ndipo aandike. Akaandika namba, akabonyeza Enter, sifuri ikabaki pale pale. Akaandika ya pili. Akanyamaza, halafu akapaza sauti mpaka ukumbini: "Njooni muone!"

Wiki ile ile wenzake wanne walikuwa wanafanya hivyo, na mimi sikuwafundisha hata mmoja. Raundi ya pili tulipoanza, tulimwomba yeye awe kinara wa kwanza. Kompyuta haijui sana, na mpaka leo kuna mambo anakuja kuniuliza. Lakini anakumbuka vizuri alivyokuwa hajui, na hamcheki mtu. Hiyo ndiyo sifa ya kuangalia. Fundi hodari wa kule idara ya TEHAMA anakunyang'anya mausi, tap tap tap, "tayari bi", anaondoka. Umesaidiwa, hukujifunza kitu.

Kwa walimu hofu ni nyingine, wanaogopa kukosea mbele ya wanafunzi. Sisi tunatumia Moodle, mfumo wa kuweka masomo mtandaoni. Kinara wao aliwafungulia somo la kuchezea, limefichwa, hakuna mwanafunzi ndani. Kisha akawaonesha ile sehemu ya kubadili nafasi, mwalimu analiangalia somo lake kama analiona mwanafunzi. Hapo ndipo wengi walipotua, maana kabla ya hapo walikuwa wanapakia kitu huku wameshika roho, hawajui kinatokeaje upande wa pili. Kuna mwalimu mmoja mwenye shahada ya udaktari, mtu mzima, alikuwa anaingia kwa kinara jioni watu wamekwisha ondoka, anasema "nimekuja kukusalimu tu", na laptopu iko kwenye mkoba. Mwacheni asalimie. Msimlazimishe akae darasani na wadogo zake.

Na zungumzeni Kiswahili. Mafunzo yetu ya hotelini yalikuwa Kiingereza kitupu, watu wakaitikia kwa vichwa siku tatu.

Muda wetu ni Jumanne saa nne, wakati wa chai. Ijumaa msijaribu, kila mtu anawahi msikitini. Kinara anapewa saa mbili kwa wiki, zimeandikwa kwenye majukumu yake na mkuu wake ametia saini. Bila saini hiyo mtarudi kwenye habari za printa. Wekeni wawili kila sehemu, kwa sababu likizo zipo na uhamisho upo. Mambo ya mtandao na paswedi zilizosahauliwa yabaki TEHAMA, na kinara asipokee paswedi ya mtu hata akipewa kwa mapenzi. Mambo ya kuchezewa alama za mitihani yanaanzia hapo.

Jengine dogo lililotufaa: daftari. Kila swali linaandikwa, jina la muulizaji haliandikwi. Swali likijirudia kwa watu watatu, tunalipeleka TEHAMA kama kasoro ya mfumo. Kitufe kimoja cha fomu ya likizo kilibadilishwa jina kwa njia hiyo, na maswali yake yakakoma.

Kuhusu posho ya vinara uliyoigusa mwisho wa swali lako: sisi hatukupata. Tulichopata ni bando la mwezi na barua ya shukurani inayoingia kwenye faili la mtumishi. Yule bi wa sifuri ya kwake ameitoa kopi, ameitia fremu, iko ukumbini kwake.