Kiwimbi kinaona nini ndani ya kichwa? Majibu ya maswali yenu

Tangu nidokeze hapa kwamba mawimbi ya ubongo yanayopimwa kwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kupitia elektrodi za kichwani) yanaweza kuchorwa kwa viwimbi kama ramani ya rangi, maswali hayajakoma. Mengi ni ya wanafunzi waliokwama katikati ya tasnifu, machache ni ya wazazi. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Darasani tumesoma mgeuzo wa Fourier. Kwa nini hautoshi kwa EEG, mpaka tuongezewe na viwimbi? (Mwanafunzi wa uhandisi, Morogoro)

Marahaba. Mfikirie mama lishe anayefunga hesabu jioni: chapati 80, chai vikombe 120, maharage sahani 45. Hesabu ni sahihi, ila haisemi kwamba chapati ziliisha saa mbili asubuhi na chai ikachangamka tena saa kumi. Fourier ndiyo hesabu hiyo ya jioni. Inachukua rekodi nzima na kukuambia ndani yake mna kiasi gani cha mawimbi ya Hz 10 (yanayojirudia mara 10 kwa sekunde) na kiasi gani cha Hz 20. Saa ya kutokea haimo. (Wakali wa hisabati watanirukia: imo, imefichwa kwenye awamu. Kweli, lakini sijaona jicho la binadamu linaloisoma humo.)

Na ubongo hautulii. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliyerekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 na kuitangaza 1929, aliliona hilo kwa macho tu. Mtu akifumba macho, kisogoni huibuka mawimbi kama 10 kwa sekunde, akifumbua, yanazimika. Ndiyo alfa. Mwambie mtu afumbe kwa sekunde tano na kufumbua kwa sekunde tano, mpaka dakika moja iishe, kisha piga Fourier: utapata kilima kimoja kwenye Hz 10, basi. Piga kiwimbi, utaona vipande sita vya alfa vikipokezana na ukimya, na utaweza hata kusema kwamba kipande cha tatu kilichelewa kuanza.

Kiwimbi chenyewe ni kipande kifupi cha wimbi: kinaanza taratibu, kinavimba katikati, kinafifia. Unakitembeza juu ya rekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila kinaposimama unauliza, hapa mnafanana kiasi gani? Kisha unakibana kiwe cha masafa ya juu zaidi, yaani kijirudie mara nyingi zaidi kwa sekunde, na kurudia safari. Majibu yote ukiyapanga, wakati kwa mlalo na masafa kwa wima, umepata ile ramani ya rangi.

Viwimbi vilibuniwa na madaktari wa ubongo? (Msomaji, Mombasa)

La, vimetoka kwenye mafuta. Jean Morlet alikuwa mhandisi wa jiofizikia wa kampuni ya Elf Aquitaine ya Ufaransa. Kazi yao ilikuwa kutikisa ardhi na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Dennis Gabor alikuwa amekwisha kupendekeza, mwaka 1946, kuchungulia ishara kupitia dirisha la urefu mmoja, lakini dirisha hilo lilimsumbua Morlet: refu mno kwa matabaka membamba, fupi mno kwa mitikisiko ya polepole. Akaamua dirisha livutwe na kubanwa kufuatana na masafa. Alex Grossmann, mwanafizikia wa Marseille, akamsaidia kuliwekea misingi ya hisabati, na makala yao ikatoka 1984. Wafaransa walikiita ondelette, yaani wimbi lililotiwa udogo. Kiswahili kwa mara moja hakikuhitaji kukopa. Ki- yetu ilikuwa tayari.

Programu inaniuliza idadi ya mizunguko ya kiwimbi cha Morlet. Nimeweka 7 kwa sababu kila mtu anaweka 7. Nimekosea? (Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi)

Hujakosea, ila hujachagua, na uchaguzi huu, wa mara ngapi wimbi linapanda na kushuka ndani ya kiwimbi, ndio roho ya kazi yako.

Simama ufukweni ukitaka kujua mawimbi yanapiga kila baada ya sekunde ngapi. Ukiangalia kwa kupepesa jicho tu, hutajua kitu. Ngoja yapite kumi, gawanya muda, utapata jibu safi. Lakini wakati ukingoja, boti ilipita ikaleta wimbi lake, na jibu lako la wastani haliwezi kusema ilipita sekunde ya ngapi. Kadiri unavyotaka kuyajua marudio kwa uhakika ndivyo unavyolazimika kuikubali saa isiyo na uhakika. Hakuna programu ya kukuepusha na hilo, hata ya kulipia.

Sasa tuweke namba. Upana wa kengele inayokifunika kiwimbi cha Morlet, yaani ule mvimbo wake wa katikati, ni idadi ya mizunguko ikigawanywa kwa 2π mara masafa. Mizunguko 7 kwenye Hz 10 inakupa milisekunde 111, na upana wa masafa Hz 1.4. Panda hadi Hz 40 kwa mizunguko ileile: wakati unabanwa hadi milisekunde 28, masafa yanatanuka hadi Hz 5.7. Ndiyo maana ramani yako ina michirizi ya wima huko juu na mabonge yaliyolala huko chini. Ubongo haukuchora hivyo, umechora wewe.

Nimewahi kusoma rasimu iliyodai kwamba alfa ilianza kushuka milisekunde 80 kabla ya picha kuonyeshwa kwenye skrini, na mwandishi alikuwa ameanza kuandika habari za ubongo unaotarajia. Alitumia mizunguko 7. Kila nukta ya ramani yake kwenye Hz 10 ilikuwa imekopa zaidi ya milisekunde 100 kutoka mbele. Ubongo haukutabiri chochote. Kiwimbi kilichungulia.

Kwa hiyo jiulize unatafuta nini. Yale mafungu ya usingizini ya Hz 11 hadi 16, yanayodumu nusu sekunde au zaidi, yatastahimili mizunguko 7 bila shida. Ukitaka kujua tukio la masafa ya chini lilianza lini hasa, shuka hadi 3 na ukubali masafa yenye ukungu. Wengi wanaanza na 3 chini na kupandisha polepole hadi 10 juu. Chochote utakachochagua, kiandike kwenye sehemu ya mbinu. Ramani isiyotaja mizunguko yake haisomeki.

Ramani yangu ina mstari mwekundu ulionyooka kwenye Hz 50, tena kingo zote mbili zinawaka. Nimegundua nini? (Kigoma)

Umegundua umeme wa ukutani. Afrika Mashariki yote iko kwenye Hz 50. Ukipakua data ya Marekani utaukuta kwenye 60. Kabla ya kukimbilia kichujio cha kuyaondoa masafa hayo, chomoa chaja ya kompyuta na uangalie elektrodi iliyolegea.

Kingo nazo si ubongo. Kiwimbi kikifika mwisho wa rekodi, nusu yake inaning'inia hewani, na programu inajaza pengo inavyojua. Kata vipande virefu kuliko unavyohitaji, angalau sekunde nzima ya ziada kila upande ukishughulika na masafa ya chini, kokotoa, ndipo utupe kingo. Watu hufanya kinyume: wanakata kwanza.

Msimamizi wangu anataka mgeuzo wa Hilbert, mimi nataka Morlet. Nani yuko sahihi?

Mnagombania kikombe, chai ni ileile. Kuchuja rekodi kwa kichujio chenye umbo la kengele na kisha kupiga Hilbert, inayosoma nguvu ya wimbi kila nukta ya wakati, ni sawa na kupitisha kiwimbi cha Morlet cha upana huohuo. Tofauti hutokea mnapochagua vichujio visivyolingana. Jihadhari na kichujio chembamba chenye kingo kali kupita kiasi: mwiba mmoja wa kifafa ukikipitia, kinalia kama kengele iliyogongwa, na utaapa umeona mtetemo wa Hz 100 ambao haukuwapo. Mpe msimamizi Hilbert yake, umalize shule.

Nimesoma kwamba mawimbi ya gama, Hz 40 na kuendelea, ni alama ya fikra. Nimeyapata kwa wingi kwenye data yangu. Naweza kuandika hivyo? (Kampala)

Subiri kwanza. Nikupe kisa changu. Miaka ya nyuma nilipata gama nzuri ajabu, imekolea pembeni mwa kichwa, tena inapanda kazi ya hesabu ikiwa ngumu. Nililala na furaha. Kesho yake nikafungua rekodi mbichi, mistari yenyewe kabla ya kugeuzwa chochote, na kwenye elektrodi za karibu na masikio nikakuta fujo nene kama brashi ya viatu. Nikamuuliza fundi aliyerekodi. Akacheka: mshiriki alikuwa na bigijii mdomoni, na hesabu zikimshinda alitafuna kwa kasi.

Msuli wa taya unatoa umeme mkubwa kuliko ubongo unaopenya fuvu, na umetapakaa hasa kuanzia Hz 20 kwenda juu. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha jaribio ambalo watu waliojitolea walilegezwa misuli kwa dawa huku EEG ikiendelea. Sehemu kubwa ya nguvu ya masafa hayo ilitoweka pamoja na misuli.

Lililouma zaidi lilikuja 2008. Tangu miaka ya 1990 maabara nyingi zilikuwa zikiripoti mlipuko wa gama kama milisekunde 200 hadi 300 baada ya picha kuonyeshwa, na kazi ya Catherine Tallon-Baudry na wenzake nchini Ufaransa, 1996, ndiyo iliyoonyesha wengi jinsi ya kuutafuta kwa viwimbi vya Morlet. Shlomit Yuval-Greenberg na wenzake, nchini Israeli, wakafuatilia macho ya washiriki sambamba na EEG. Macho yetu hurukaruka kidogo kidogo hata tunapokodolea kitu kimoja; picha ikitokea yanatulia, halafu yanaanza tena kuruka mnamo wakati uleule wa mlipuko. Kila mruko unaambatana na mwiba mfupi wa umeme wa misuli ya macho. Mwiba mfupi, ukiupitishia kiwimbi, unatandaza nguvu kwenye masafa mengi ya juu. Ukikusanya majaribio mia, umepata "gama".

Hili halifuti gama yote. Elektrodi zilizowekwa ndani ya fuvu kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji zinaiona waziwazi. Lakini kwa EEG ya ngozi ya kichwa, andika baada ya kukagua taya, shingo na macho, na uweke rekodi mbichi kwenye kiambatisho.

Nimetengeneza modeli ya kutambua kifafa kwa viwimbi vya Daubechies (familia nyingine ya viwimbi) na data ya EEG ya Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani. Usahihi ni asilimia 99. Nichapishe? (Dodoma)

Hongera kwa kazi, lakini tuifungue. Data ya Bonn ina makundi matano, A hadi E, kila moja vipande 100 vya sekunde 23.6. A na B zimetoka kwa watu wazima wenye afya, zikarekodiwa juu ya ngozi ya kichwa. C, D na E zimetoka kwa wagonjwa, zikarekodiwa ndani ya fuvu, na E ndiyo ya wakati kifafa kimepanda. Modeli yako inapotenganisha A na E, inajifunza kifafa, au inajifunza kwamba elektrodi moja iko juu ya mfupa na nyingine chini yake? Huwezi kujua. Na vipande 100 vya kundi moja vimetoka kwa watu watano tu. Ukivichanganya ovyo, mtu yuleyule anakaa kwenye mafunzo na kwenye mtihani.

Jingine ni dogo lakini linaudhi, maana nalikuta kila msimu wa tasnifu. Umeandika kwamba ngazi ya nne ya mchanganuo wako ni alfa. Hiyo ni kwa rekodi ya sampuli 256, yaani vipimo 256, kwa sekunde: kuanzia nusu ya idadi hiyo, kila ngazi inakata masafa nusu, 64 hadi 128, 32 hadi 64, 16 hadi 32, na ya nne ni 8 hadi 16, karibu kabisa na alfa. Lakini Bonn ilirekodiwa kwa 173.61. Gawanya mwenyewe: ngazi ya tatu inaishia 10.85, na ya nne inaanzia hapohapo kushuka hadi 5.4. Alfa yako imepasuliwa katikati, nusu kwa jirani wa juu, nusu kwa wa chini. Jedwali ulilolinakili ni la mtu mwingine.

Hamia data ya CHB-MIT, ya watoto wa Boston. Ni ya bure, sampuli 256, rekodi za saa nyingi. Fundisha kwa wagonjwa wengine, pima kwa mgonjwa ambaye modeli haijawahi kumwona. Asilimia itashuka. Hiyo ndiyo uichapishe.

Mwanangu wa miaka saba anaduwaa ghafla, nikimwita hasikii, kisha anaendelea na mchezo. Tumepewa siku ya EEG. Niombe wampime kwa hivi viwimbi? (Mama, Tanga)

Pole, mama, na hapana, usijisumbue nalo. Daktari anasoma mistari kwa jicho, na kwa hali unayoieleza jicho linatosha sana. Fundi atamwambia mtoto apumue kwa nguvu kama anayepoza uji, kwa dakika kama tatu. Ikiwa ni aina ya kifafa ninayoidhani, ataduwaa hapohapo kitini, na kwenye skrini mistari yote itaanza kupanda na kushuka kwa pamoja, mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mara tatu kila sekunde, kisha itakatika ghafla kama ilivyoanza. Majibu yakija safi, bado mweleze daktari yote uliyoyaona. EEG moja safi haithibitishi kwamba hana kifafa. Ukiweza, mrekodi kwa simu siku anapoduwaa nyumbani.

Kuhusu nywele: mfumue. Hata twende kilioni zikibana hazimpi fundi nafasi, maana elektrodi zinakaa kwa vipimo na mara nyingi sehemu yake ni juu ya msuko wenyewe. Mwoshe jana yake, usimpake mafuta. Dawa kama anatumia asiache mpaka daktari aseme.