Usilipie jenereta hiyo kabla hujapima mzigo wa umeme wa saa za magharibi

Umeuliza kama utoe kianzio cha jenereta ya kVA 20 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta). Kama hujatoa, usitoe. Nyumba ya wageni Paje, Unguja, vyumba 14, kila chumba AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nishati) na shawa ya umeme, kisha muuzaji anakupigia hesabu ya jenereta hiyo kwa jedwali la Marekani la nishati kwa kila futi ya mraba! Umeuliza pia habari za sola na AC ya kununua, lakini hayo yasubiri. Fedha zako zinateketea hapo kwenye kVA 20.

Majedwali hayo hutoka kwenye uchunguzi wa serikali ya Marekani wa majengo ya biashara, uliogawa nchi kwa kanda na majengo kwa aina. Ni kazi nzuri kwa walioko huko. Ila katika uchunguzi wa 2018, karibu theluthi moja ya nishati ilikwenda kwenye kupasha majengo joto. Nani anapasha chumba joto Paje? Tena namba zile zinajumlisha gesi na umeme katika BTU. Ukizigawa kwa 3,412 na kuziita zote uniti za umeme, hesabu imeshaharibika. Baya zaidi, ni jumla ya mwaka. Muuzaji anaigawa kwa saa 8,760, anapata kilowati chache, anaongeza kidogo, anakwambia zinatosha na kubaki. Inaniudhi sana, maana wanajua watu hapa Unguja hawajasahau giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika, na hofu ile ndiyo wanayoifanyia biashara.

Jenereta hubeba kilichowashwa saa ile, haibebi wastani. Tazama saa kumi na mbili na nusu jioni: wageni wametoka pwani, wana chumvi mwilini, wanaingia kuoga na AC wanawasha, jikoni nako chakula cha usiku kimeanza. Shawa moja ya umeme ni kilowati 3.5 kwa uchache. Zikiwa wazi 7 tu kwa pamoja, hizo ni 24.5. AC 14 kwa kilowati 1.1 kila moja ni 15.4. Jiko, friji, pampu na taa, weka 10. Umefika kilowati 50. Na kVA 20 ukizidisha kwa 0.8, kipimo cha kawaida cha kugeuza kVA kuwa kilowati, ni kilowati 16. Breka itaruka kila magharibi, na ukilazimisha, volti zitashuka na kompresa za AC ndizo zitakazoungua kwanza.

Sasa usikimbilie kVA 80. Saa tisa usiku hakuna anayeoga, kompresa zinawaka na kuzima, mzigo wako ni kama kilowati 12. Injini ya dizeli ikikaa muda mrefu chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha: mafuta hayaungui yote, masizi na mafuta meusi yanajaa kwenye egzosi, silinda zinakuwa laini kama kioo na injini inaanza kula oili. Kwa hiyo punguza kilele kwanza. Ondoa shawa za umeme, weka matangi ya maji moto ya jua juu ya paa. Kilele kinashuka hadi kilowati 25 hivi. kVA 40 inabeba bila kuhema, na usiku inabaki na mzigo wa maana. Umeme ukirudi AC zote zisiwake pamoja, kwani kompresa ya kawaida huvuta mara kadhaa ya ampea zake inapoanza. Weka gadi (vifaa vya kulinda AC) zenye kuchelewesha, kila kundi la vyumba na dakika zake.

Hesabu yangu hiyo nayo ni ya karatasini. Pima. Chukua klampu mita, kipima ampea kinachobana waya kwa nje, shika kila fezi (kila waya wa moto) kwenye ubao mkuu wa breka kila nusu saa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, halafu mara moja saa tisa usiku. Fanya nyumba ikiwa imejaa, miezi ya kaskazi, Januari au Februari. Ukipima Juni kwenye kipupwe utajidanganya. Soma na mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, asubuhi na jioni upate uniti za mchana peke yake na za usiku peke yake. Fezi moja ikiwa na ampea nyingi kuliko nyingine, hamisha vyumba kabla ya kuwaza jenereta.

Na ile ofisi ya ndugu yako Chake Chake usiipigie hesabu hii. Ofisi kilele chake ni mchana, jua likipiga ukuta wa magharibi, na usiku karibu haina kitu. Hata nyumba ya wageni Mji Mkongwe, kuta nene za mawe na vichochoro vyenye kivuli, si sawa na yako ya matofali na bati.

Ukipata ampea za fezi tatu kwa saa zake, ziweke hapa tuzipige pamoja. Kianzio kibaki mfukoni mpaka siku hiyo.