Rashasha moja, walengwa wanne: kanuni za Call of Cthulhu toleo la 7 zinavyosomwa mezani

Mkuu, kwa mliochelewa nirudie swali lako kuhusu Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu: mchezaji ana rashasha ya Thompson yenye magazini ya risasi 30, ustadi wake wa rashasha ni 55 (akirusha dadu za 1 hadi 100 anahitaji 55 au chini), wafuasi wanne wa kundi la siri wameingia ukumbini, naye anasema anawamiminia wote. Nusu ya meza inataka arushe dadu mara moja, nusu mara nne. Jibu ni mara nne, ila kila mrusho una masharti magumu kuliko uliotangulia, na ule wa nne haufai kurushwa kabisa. Sababu ziko kwenye hesabu, kwa hiyo vumilia urefu.

Risasi za mfululizo hazihesabiwi mojamoja, zinakwenda kwa mikupuo. Ukubwa wa mkupuo ni ustadi gawanya kwa 10, kinachobaki unakiacha. Ustadi 55 ni risasi 5 kwa mkupuo. Mwenye ustadi wa chini ya 30 hashuki chini ya risasi 3. Mkupuo mmoja una mlengwa mmoja na mrusho mmoja wa dadu.

Mkupuo wa kwanza unarushwa kama shambulio lolote la bunduki. Wa pili unabeba dadu 1 ya adhabu, yaani dadu ya ziada ya makumi ambapo unachukua kumi lililo kubwa; wa tatu 2. Dadu za adhabu haziruhusiwi kuzidi 2, kwa hiyo kuanzia wa nne zinabaki hizohizo na ngazi ya ugumu ndiyo inayopanda: kutoka Kawaida kwenda Ngumu, yaani nusu ya ustadi, kisha kwenda ngazi ya juu kabisa, yaani sehemu moja ya tano. Adhabu inafuata mkupuo, haifuati mlengwa. Wengi hudhani akigeukia mtu mpya anaanza upya, kumbe mtutu ni uleule, unaruka vilevile, na mkono ni uleule uliochoka kuuzuia.

Sasa tazama namba za ustadi 55. Mkupuo wa kwanza unapata kwa 55%. Wa pili, kwa dadu moja ya adhabu, unashuka hadi 30.5%. Wa tatu ni 17%. Wa nne, ambao sasa unahitaji 27 au chini na dadu mbili za adhabu, ni kama 2%. Huo si mteremko, ni poromoko. Mpe mchezaji namba hizi kabla hajatangaza, maana mhusika wake anayeishika silaha hiyo angezijua mwilini mwake.

Upande wa pili wa hesabu ni kukwama. Thompson ina namba ya kukwama 96, maana yake mrusho wowote wa 96 hadi 100 unaifunga bunduki. Kwa kawaida hiyo ni 5%. Lakini dadu ya adhabu inakulazimisha uchukue kumi lililo kubwa, kwa hiyo inakusogeza pia kwenye hatari hiyo: 9.5% kwa dadu moja ya adhabu, karibu 13.6% kwa mbili. Ukipanga mikupuo minne, uwezekano wa kukwama mahali fulani njiani ni karibu 36%. Linganisha mkupuo wa nne peke yake: 2% kupata, 13.6% kukwama. Na ikikwama katikati, mikupuo iliyobaki imekufa; kuifungua ni raundi 1D6 (idadi inayotoka kwenye dadu moja ya pande 6) pamoja na mrusho wa Ufundi wa Mitambo au wa ustadi wa silaha hiyo, na 96 hadi 100 kwenye mrusho huo inaiharibu moja kwa moja.

Tuupange ukumbi wako. Mlengwa A yuko yadi 12 mbele. B yuko yadi 1 kushoto kwa A. C yuko yadi 3 zaidi. D yuko yadi 4 zaidi kushoto kwa C lakini amerudi nyuma, yadi 25 kutoka kwa mpigaji, nusu ya mwili iko nyuma ya nguzo.

Kwanza risasi. Toza risasi moja kwa kila yadi ya nafasi tupu anayoipitisha mtutu kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa sababu kidole hakijaachia kifyatulio. A anakula 5. Kwenda kwa B ni 1, mkupuo 5, jumla 11. Kwenda kwa C ni 3, mkupuo 5, jumla 19. Kwenda kwa D ni 4, mkupuo 5, jumla 28. Magazini ya 30 inatosha, inabaki na 2. Kama angekuwa na ile ya 20, D angesalimika kwa ukosefu wa risasi tu, kwa hiyo uliza magazini ni ya ukubwa gani kabla ya pambano.

Pili ugumu. A, B na C wako ndani ya yadi 20 za masafa ya msingi ya Thompson, hivyo ni Kawaida. D yuko nje ya hapo, kati ya yadi 20 na 40, kwa hiyo anaanzia Ngumu hata kabla ya kuhesabu mikupuo. Mkupuo wa nne unaongeza ngazi, sasa anahitaji 11 au chini na dadu mbili za adhabu, yaani takribani 0.2%. Nguzo nayo inaleta dadu ya adhabu ya tatu ambayo haina pa kukaa, kwa hiyo inasukuma ngazi tena, na juu ya hapo hakuna ngazi. Mwambie wazi kwamba D hapigiki kwa mpango huo. Akimtaka D amweke wa kwanza, mrusho safi, Ngumu na dadu moja ya nguzo, kisha ageuke kwa C. Gharama ya nafasi kati yao inabaki ileile.

Mwache achague mpangilio, ila autangaze wote kabla ya mrusho wa kwanza. Akisubiri kuona A kaanguka ndipo aamue, anapata taarifa ambayo mhusika hana ndani ya sekunde mbili za moto. Ruhusu kitu kimoja: kuachia kifyatulio mapema, kwa sababu hilo mtu analiweza.

Madhara. Mrusho ukifaulu, nusu ya risasi za mkupuo zinampata, unashusha chini, angalau 1. Kwa mkupuo wa 5 ni risasi 2, kila moja 1D10+2, wastani wa 15 kwa jumla. Mtu wa kawaida mwenye pointi za uhai 11 au 12 hapo kwa kawaida amekwisha. Akipata mafanikio ya ngazi ya juu, 11 au chini, zote 5 zinampata na nusu yake, yaani 2, zinachoma kwa kina: 12, ambayo ni kilele cha 1D10+2, pamoja na 1D10+2 kwa kila moja. Kinga ya mwilini toa kwa kila risasi, usitoe mara moja kwa mkupuo mzima, la sivyo rashasha inageuka mzinga. Na risasi zilizomzidi marehemu hazihamii kwa jirani yake. Zimeingia ukutani.

Walengwa nao wana la kufanya. Bunduki haikwepwi kama ngumi na wala hairudishiwi, kinachoruhusiwa ni kujitupa mafichoni. Kila mmoja anarusha Kukwepa kivyake. Akifaulu, mpigaji anaongezewa dadu 1 ya adhabu kwa mlengwa huyo tu. Awe amefaulu au ameshindwa, amepoteza shambulio lake linalofuata. Kwangu hii ndiyo faida halisi ya rashasha dhidi ya kundi: wanne wakijitupa chini, raundi nzima hawakushambulii, hata kama umempata mmoja tu.

Mwenzako akiwa amekabana na mlengwa, ongeza dadu ya adhabu, na mrusho wa boko, yaani wa kuharibu vibaya, unampata mwenzako. Angalia hapa: boko ni 100 pekee pale unapohitaji 50 au zaidi, lakini ukihitaji chini ya 50 ni 96 hadi 100. Mikupuo mitatu ya mwanzo kwa ustadi 55 ina boko la 100 tu. Wa nne, unaohitaji 27, unafungua 96 hadi 100, na dadu mbili za adhabu zinakupeleka hukohuko. Namba hizo pia ni za kukwama kwa Thompson. Mimi huamua boko kwanza: risasi ya mwisho imempata rafiki, kisha bunduki imekwama.

Bastola ni jambo jingine, usiichanganye na hii. Nusu-otomatiki ya .45 inaruhusu risasi 2 au 3 kwa raundi, zote zina dadu 1 ya adhabu tangu ya kwanza, haiongezeki, na kila risasi ina mrusho wake na mlengwa wake. Kwa ustadi 55, risasi moja tulivu inapata kwa 55%. Risasi mbili za haraka zinakupa angalau moja kwa karibu 52%, pungufu ya ile moja. Tatu zinapanda hadi 66%. Kwa hiyo kupiga mbili kwa haraka kwa mlengwa mmoja ni chaguo baya. Piga moja, au maliza tatu.

Aliyedai mrusho mmoja mezani kwako nadhani ametoka kwenye mchezo mwingine wa aina hii, D&D. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 una kumwagia eneo la mchemraba wa futi 10: risasi 10 zinatumika, mpigaji harushi shambulio, kila aliyemo ndani anarusha kinga ya wepesi ya 15, yaani afikishe 15 au zaidi, akishinda hapati kitu, akishindwa anapata madhara ya kawaida ya silaha. Rafiki aliyesimama humo anarusha pia. Na anayetaka kugawa dadu kwa watu ametoka Savage Worlds, mchezo mwingine tena, ambako silaha yenye kasi ya ufyatuaji ya 3 inatumia risasi 10, inatoa dadu tatu unazozigawa upendavyo, zote kwa kasoro ya 2 ya mtikisiko wa silaha, na dadu ya kupiga iliyokosa kwa kuonyesha 1 au 2 inaweza kumpata asiyehusika aliye kwenye njia ya moto. Kila mfumo umekamilika wenyewe. Ukichukua mikupuo ya Cthulhu ukaitia mrusho mmoja wa eneo, umeondoa kukwama na umeondoa mteremko wa adhabu, na Thompson inakuwa jibu la kila mlango.