Kuhusu Wasifu wa Baba Yako

Kamachumu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kuketi kukujibu. Unauliza, kwa ajili ya kijitabu cha ibada ya kumbukumbu, mstari wa kwanza wa wasifu wa baba yako umtaje kama nani: mpiganaji wa Vita vya Kagera, mfanyabiashara wa hapa mjini, au mzee wa kanisa. Unasema kaka zako hawapatani, mmoja akitaka vita vitangulie na mwingine akitaka usharika, na wewe unaona duka ndilo lililowasomesha nyote. Pangeni mtakavyo. Ninaloliona mimi ni kwamba katika rasimu uliyonitumia, mwaka 1983 haumo kabisa.

Ya vita mnayajua, kwa hiyo nitayapita upesi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuitwaa nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa, nyumba yetu ilijaa watu waliokimbia kutoka huko, na baba yako akawagawia chumvi na sabuni huku akiandika katika daftari la madeni mambo ambayo alijua hayatalipwa. Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui tunavyo, baba yako alikuwa amekwisha kujiandikisha mgambo. Alivuka Mutukula, akapita Masaka na Lukaya, akawa Kampala ilipotekwa Aprili 1979, na aliporudi alikuta hata mkoa wetu umebadilishwa jina, si Ziwa Magharibi tena bali Kagera. Alirudi na blanketi lake na mguu uliomuuma kila msimu wa mvua, wala hakuleta kitu cha mtu. Kila Siku ya Mashujaa, alipokuwa na nguvu, alikwenda Kaboya walikozikwa wenzake, na akirudi hakuzungumza mpaka kesho yake.

Lakini mimi nimesema siku zote, nanyi mmechoka kunisikia, kwamba humjui mtu mpaka umwone akipima. Vitani mtu anaweza kuwa jasiri kwa sababu wenzake wanamwangalia, na kanisani vivyo hivyo. Mbele ya mizani yuko yeye na mteja ambaye hawezi kuhakiki, na hapo ndipo nilipomjua baba yako.

Sasa kumbuka hali ilivyokuwa, maana ulikuwa mdogo. Vita vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyotuomba Mwalimu ilipita bila nafuu kuonekana. Sukari ilitoka RTC Bukoba, kampuni ya biashara ya mkoa, kwa mgao, na siku ilipofika watu walipanga foleni tangu alfajiri. Baba yako, baada ya mgao kufika, alikuwa akitenga sehemu na kuiweka stoo, kwa ajili ya nyumba ambazo wanaume wao walibaki Uganda. Aliandika majina yao nyuma ya daftari, na kila mmoja alipewa kidogo kidogo kwa bei ileile ya serikali, hata senti moja hakuiongeza. Wengine wote waliambiwa sukari imekwisha.

Machi 1983 ilianza operesheni ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Usiku watu walitupa sabuni mashimoni na kufukia vitenge kwenye migomba. Nilimwambia baba yako tuigawe ile sukari usiku uleule kwa wenyewe, akakataa, akasema kitu cha halali hakigawiwi gizani. Siku ya gulio wakaguzi walikuja moja kwa moja mpaka stoo, bila kuuliza njia, kwa sababu walikuwa wameelekezwa. Aliwaonyesha daftari na majina. Walilichukua kuwa ushahidi, wakaichukua sukari, wakamchukua na yeye, mbele ya soko zima, mtu aliyekuwa amevuka Mutukula kwa ajili ya soko hilohilo. Akakaa mahabusu kwa wiki kadhaa, kisha akaachiwa bila kushtakiwa. Daftari halikurudi, wala sukari.

Usidhani naisema operesheni yenyewe kwa ubaya. Walanguzi walikuwepo, nami niliwajua, na Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari Aprili 1984 nililia kama wengine. Kinachonichoma hadi leo ni aliyeelekeza njia. Alikuwa msharika mwenzetu, kanisani anakaa kiti cha tatu nyuma yetu, na watoto wake mmesoma nao. Jina lake sitaliandika. Mkewe alikuwa amejifungua, naye alikuja dukani kuomba sukari ya uji wa mzazi, akaambiwa haipo, kisha kutoka mlangoni akamwona mjane mmoja akipewa kifurushi kwa mlango wa nyuma.

Nilipomweleza baba yako kwamba nimemjua aliyemsema, alinijibu, "Aliniuliza kama ipo, nikamwambia haipo. Aliyoyasema kwa wakaguzi ni kweli." Nami nikabaki na lile neno langu la mizani, nikiwa siwezi kulitupa wala kulitumia, kwa sababu mtu niliyemsifu kwa kupima kwa haki alikuwa kweli amemwambia mwenye mzazi nyumbani kwamba haipo. Hata hivyo, wale wajane nao wangekwenda wapi? Angelipanga foleni nani kwa niaba yao, na wengine walikuwa na watoto wadogo mgongoni? Na yule bwana, kama alikuwa na uchungu, kwa nini hakuja kuuliza kama ndugu katika imani, akaenda kwa wakaguzi? Kila nikifika hapa narudi tena mwanzo.

Mwaka huohuo, Sikukuu ya Mavuno, baada ya ibada ulifanyika mnada uani kama kawaida, mikungu ya ndizi, kahawa, mayai. Yule bwana alikuwa ameleta kuku jike mweusi. Mnadi alimwinua, akataja bei, watu wakanyamaza. Habari zilikuwa zimeenea, na hakuna aliyetaka kuonekana akinunua kuku yule. Mnadi alitaja bei tena, akashusha. Mke wa yule bwana alikuwa amembeba mtoto, akaangalia chini. Ndipo baba yako, ambaye duka lake lilikuwa tupu na ambaye hatukuwa na fedha ya kuchezea, akatamka bei ya juu kuliko ile ya kwanza. Watu waligeuka wote. Mtu mwingine akaongeza, na mwingine, mpaka ukawa mnada kweli, na baba yako akashinda kwa bei ambayo sikuisahau. Nilimchukua kuku yule nyumbani nikiwa sisemi na mtu. Alitaga vizuri sana, nanyi mlikula mayai yake.

Watu wanasema siku ile alimsamehe. Wengine wanasema alikuwa akilipa deni la uji ule. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye, na nina maoni yangu, ambayo yananiwasha ulimi hata sasa ninapoandika, lakini hakuwahi kunieleza, na sioni haki ya kumsemea.

Kwa hiyo weka mwaka 1983, mistari miwili inatosha: aliwekwa mahabusu wakati wa operesheni, akaachiwa bila kushtakiwa, akaendelea na duka na kazi ya uzee wa kanisa. Kaka yako mkubwa atataka kuandika kwamba baba alisingiziwa. Mwambie nimekataa, kwa sababu baba yako mwenyewe asingelikubali neno hilo. Wala usiandike kwamba alisamehe. Ukimaliza, niletee rasimu kabla haijakwenda kuchapwa, maana wale jamaa nao wamealikwa na wamekubali kuja.

Mama yako