Maswali ya Wasomaji: Rais Anapendwa, au Anafanya Kazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na shemeji yangu tumefuatilia siasa za Marekani kwa miaka mingi, na siku hizi hatuwezi kukaa pamoja jioni moja bila kugombana. Yeye anashikilia kwamba rais anakubalika kwa sababu alishinda uchaguzi. Mimi humwonyesha kura za maoni ambazo waliomkataa ni wengi kuliko waliomkubali, naye hunijibu kwamba takwimu hizo zimepikwa. Akinionyesha picha za mkutano uliofurika watu, namwambia hao ni mashabiki tu. Tafadhali tuamulie: nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, katika barua yako kuna mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja, na kila mmoja wenu anavuta upande wake. Kushinda uchaguzi ni jambo moja, kukubalika baada ya kuingia madarakani ni la pili, na kufanya kazi vizuri ni la tatu. Mkiyatenganisha, sehemu kubwa ya ugomvi wenu itapungua, ingawa siahidi kwamba itakwisha.

Nianze na hoja ya shemeji yako. Mwaka 2016 Donald Trump alipata kura 304 za wajumbe wa uchaguzi, yaani wawakilishi wa majimbo ambao kura zao ndizo humchagua rais, na akawa rais, lakini Hillary Clinton ndiye aliyepata kura nyingi zaidi za wananchi, kwa tofauti ya karibu milioni 2.9. Mwaka 2000 George W. Bush alishinda kwa kura 271 za wajumbe huku Al Gore akimzidi kwa kura zaidi ya nusu milioni za wananchi. Ushindi wa namna hiyo ni halali kabisa, nao humpa mshindi haki kamili ya kutawala, ila hautoshi kuthibitisha kwamba wengi walimtaka siku ile, wala hausemi lolote kuhusu wanavyomwona miaka miwili baadaye.

Wewe nawe unazitegemea kura za maoni kupita kiasi. Shirika la Gallup lilianza kuwauliza Wamarekani swali hili tangu enzi za Franklin Roosevelt, miaka ya 1930: je, unaridhika au huridhiki na jinsi rais anavyofanya kazi yake? Katika miongo yote iliyofuata, majibu yamepanda na kushuka kwa namna ambayo haiwezi kuelezwa na utendaji peke yake. George W. Bush alifikia asilimia 90 mwezi Septemba 2001, siku chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, na mtu huyo huyo akaanguka hadi asilimia 25 mwaka 2008, uchumi ulipokuwa ukiporomoka. Baba yake, rais George H. W. Bush, alikuwa na asilimia 89 mwanzoni mwa 1991, Vita vya Ghuba vilipomalizika kwa ushindi, lakini Novemba 1992 alishindwa na Bill Clinton akiwa hakufikisha hata asilimia 38 ya kura. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Harry Truman. Februari 1952, Vita vya Korea vikiwa vimekwama na wengi wakiwa bado na hasira kwamba alimfukuza kazi Jenerali MacArthur aliyeongoza majeshi huko, ni asilimia 22 tu waliosema wameridhika naye. Rais huyo ndiye aliyesimamia Mpango wa Marshall ulioinua Ulaya baada ya vita, na chini yake Marekani ilijiunga na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mwaka 1949. Wanahistoria wa leo humweka miongoni mwa marais kumi bora wa nchi ile.

Lakini liko jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo linalowagombanisha. Wakati wa Eisenhower, kwa wastani karibu nusu ya wafuasi wa chama cha Democratic waliridhika na rais huyo wa Republican, na Kennedy naye alipata karibu nusu ya wafuasi wa Republican. Katika muhula wa kwanza wa Trump, wafuasi wa Democratic waliomkubali walikuwa chini ya asilimia 10 kwa wastani, na Joe Biden hakupata zaidi ya hapo kwa upande wa Republican. Maana yake ni kwamba unapomuuliza Mmarekani wa leo kama rais anafanya kazi vizuri, mara nyingi anachokujibu ni jina la chama chake. Baada ya uchaguzi wa 2016, maoni ya wafuasi wa Republican kuhusu uchumi yaligeuka kutoka giza kuwa mwanga katika muda wa siku chache, na ya wafuasi wa Democratic yakaelekea upande wa pili, ilhali rais mpya hakuapishwa hadi tarehe 20 Januari 2017. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa wala kufungwa katika siku zile kinachoweza kueleza badiliko hilo.

Hata hivyo, ushabiki haukuwa ukuta usiopenyeka siku zote. Richard Nixon alikuwa na asilimia 67 Januari 1973, na kufikia Agosti 1974, kashfa ya Watergate, ya kuwapeleleza wapinzani na kuficha ukweli, ilipomlazimisha kujiuzulu, alibaki na asilimia 24, na hata ndani ya chama chake mwenyewe waliobaki naye walikuwa karibu nusu tu. Mimi huuangalia zaidi upande wa rais mwenyewe katika takwimu hizi. Wapinzani wake wakimkataa, hilo lilitarajiwa. Waliompigia kura wakianza kumwacha, hapo nasogeza kiti karibu na kusoma kwa makini.

SWALI: Mimi sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kuulizwa maoni yake kuhusu rais. Inawezekanaje watu elfu moja waseme kwa niaba ya Wamarekani zaidi ya milioni 330? Je, si wizi wa mchana?

JIBU: Hofu yako inaeleweka, lakini historia inaonyesha kwamba wingi wa waulizwaji si kinga. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waulizwaji yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi kutoka orodha za wenye simu na wenye magari, ambao wakati ule wa dhiki kuu ya uchumi hawakuwa watu wa kawaida, na waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa wachache zaidi na wenye mwelekeo wao. Watu elfu moja waliochaguliwa kwa nasibu, kila mtu akiwa na nafasi ya kuangukiwa, hutoa picha yenye kosa la takriban asilimia 3 juu au chini.

Kwa hiyo usikubali gazeti likuambie kwamba rais amepanda kwa sababu wiki iliyopita alikuwa na 44 na wiki hii ana 46, maana tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Vilevile kura ya maoni ni picha ya siku ilipopigwa. Mwaka 1948 wapimaji waliacha kuuliza mapema mno wakiamini kwamba Thomas Dewey ameshamshinda Truman, nao wakaaibika.

SWALI: Mhariri, uchumi ukiwa mzuri chama kilichoko madarakani husema ni kazi ya rais wake, na waliotoka husema ni matunda ya rais wao. Ukiwa mbaya, lawama hurushwa kama mpira. Sisi wasomaji tumpe nani sifa?

JIBU: Dada msomaji, swali lako ndilo gumu kuliko yote niliyopokea mwezi huu, na nimelikalia siku kadhaa.

Tuchukue mfumuko wa bei wa miaka ya 1970. Mwaka 1979 rais Jimmy Carter wa Democratic alimteua Paul Volcker kuongoza Benki Kuu ya Marekani. Volcker aliamua kuuvunja mfumuko huo kwa kubana fedha, na riba ya msingi ikapanda hadi kukaribia asilimia 20. Mikopo ya nyumba ikawa haishikiki, viwanda vikapunguza watu, na Carter akashindwa uchaguzi wa 1980 dawa ikiwa bado chungu mdomoni. Ronald Reagan wa Republican aliurithi uchungu huo. Mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8, na Januari 1983 waliomkubali Reagan walikuwa asilimia 35 tu. Mfumuko wa bei, uliokuwa asilimia 13.5 mwaka 1980, ulishuka hadi takriban asilimia 3 mwaka 1983, ajira zikarudi, na mwaka 1984 Reagan akashinda majimbo 49 kati ya 50.

Sifa ni ya nani hapo? Carter alimteua mtu aliyefanya kazi ile, akalipa gharama ya kisiasa. Reagan angeweza kumshinikiza Volcker alegeze riba wakati umaarufu wake ukiyeyuka, lakini kwa sehemu kubwa alimwacha aendelee, na mwaka 1983 akamteua tena. Volcker mwenyewe hakupigiwa kura na mtu yeyote. Mtu anayempa mmoja wao sifa yote ameficha nusu ya hadithi, na nasema hivyo kwa wafuasi wa vyama vyote viwili.

Kumbuka pia mipaka ya ofisi yenyewe. Bajeti hupitishwa na Congress, yaani bunge la Marekani, riba hupangwa na Benki Kuu, na bei ya mafuta huamuliwa na soko la dunia nzima. Rais ana wajibu mkubwa katika uteuzi wake, sheria anazozitia saini au kuzikataa, ushuru, amri zake za kiutendaji na vita anavyoviingia. Huko ndiko ninakomdai hesabu kwanza.

Wakati mmoja niliwaketisha wenzangu wawili kazini, mmoja mpenzi wa Republican na mwingine wa Democratic, nikawapa karatasi yenye tarakimu tatu tu za ukosefu wa ajira, moja chini ya nyingine: 10.0, kisha 4.7, kisha 3.5. Hapakuwa na mwaka wala jina. Nikawauliza kama kazi iliyofanyika ni nzuri. Wa kwanza aliichukua, akaitazama, kisha akaigeuza kuona kama nyuma yake kumeandikwa jina la rais. Wa pili akamwambia, "Hata mimi nilikuwa natafuta hilo." Nilipowaeleza kwamba ya kwanza ni ya Oktoba 2009, ya pili ni ya Januari 2017 Barack Obama alipoondoka, na ya tatu ni ya Februari 2020 chini ya Trump, kila mmoja alichukua kalamu akachora mstari mahali alipotaka sifa zianzie. Niliwachorea mteremko wote wa miezi ile, na mahali rais alipobadilika hapakuonekana kona yoyote.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, ambao nakupendekezea wewe na yule ndugu mwenye shemeji. Takwimu za ajira za Marekani kwa kawaida hutolewa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku ya Alhamisi, kila mmoja aandike tarakimu atakayoiita nzuri na ile atakayoiita mbaya, aeleze kwa mstari mmoja ni uamuzi gani wa rais anaoamini umechangia, kisha mbadilishane karatasi na kuzihifadhi. Ijumaa, kabla hamjafungua mdomo, zisomeni kwa sauti, kila mmoja akisoma ya mwenzake.