Usilipe hiyo dola 250, soma kwanza makala zao tatu

Dada usilipe. Rudisha kadi ya benki kwenye pochi halafu kaa usome hapa.

Umeuliza vitu vinne: jarida la afya ya akili, maendeleo ya binadamu na haki za jamii limekubali makala yako ndani ya siku nne na wanataka dola 250 mpaka Ijumaa, je ulipe. Pili jina la supavaiza likae wapi, tatu utumie programu ipi ya kuchambua takwimu, SPSS au R, nne kama ukishaitoa kwa Kiingereza unaweza kuitoa tena kwa Kiswahili. Mimi naanza na hilo la kwanza maana limeshaniumiza tangu 2017 na mpaka leo halijapoa.

Siku nne jamani! Makala ya mahojiano ya watu wenye sonona, mhariri wa kweli siku nne hajapata hata mtu wa kukubali kuisoma, achilia mbali kuisoma yenyewe na kuandika maoni. Hao hawakuisoma. Waliona imeili ya chuo wakaona hela.

Mimi walinijibu siku ya sita, dola 180, kwa wakati ule kama laki nne hivi. Imeili ilianza na "Mheshimiwa Profesa" na mimi nilikuwa mwanafunzi wa masta ambaye ada ya muhula wa mwisho haijaisha. Nikampelekea mhadhiri mmoja nimuulize. Akatazama kwenye simu yake nusu dakika, akasema pepa ni pepa, lina ISSN hilo, lipa uhitimu. Aisee. ISSN ni namba ya usajili tu, sawasawa na namba ya daladala, inakwambia gari lipo barabarani, haikwambii breki zinashika. Na yeye alijua, mtu aliyechapisha miaka yote ile hawezi kuwa hajui. Jina lake likaingia la pili, likahesabiwa kwenye kupanda daraja kwake, na yaliyofuata hakuwepo. Bado nina hasira naye na sioni sababu ya kuificha.

Sasa watu wakisikia hadithi hizi wanadhani hasara ni hela. Laki nne nilizilipa zikaisha.

Nilihoji akina mama 24 waliokuwa wamejifungua, kliniki ya mama na mtoto, wilaya moja ambayo sitaitaja na utaona kwa nini. Kuna mmoja alikuja akakaa kwenye benchi, mtoto mgongoni, nikamsomea fomu ya ridhaa mpaka mwisho. Hakuwa anasoma, kwa hiyo akaweka dole gumba. Ule wino wa zambarau akaufuta kwenye pindo la kanga, akaangalia doa, kabla hatujaanza akaniuliza, "Haya ninayokwambia yataishia wapi?" Nikamwambia yataishia kwenye kitabu, jina lako halitakuwepo. Akaongea saa nzima na robo. Aliniambia mambo ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kuyasikia, kuhusu usiku na kisima, naomba niishie hapo.

Na kweli jina lake sikuliweka. Niliweka umri, niliweka kata, niliweka kwamba ana mapacha, niliweka kazi ya mume wake, halafu chini yake nukuu yake mistari saba. Nilidhani ndio utafiti unavyoandikwa, ukiwa na maelezo mengi unaonekana ulifika. Kata nzima mapacha wa umri ule walikuwa pea moja. Mhariri yeyote mwenye macho angeliona lile jedwali akanirudishia siku hiyohiyo. Hakuna aliyesoma. Ikapanda mtandaoni vilevile nilivyoituma, hata kosa la tahajia kwenye kichwa cha habari liko mpaka leo.

2019 nesi wa pale kliniki akanipigia. Kuna kijana wa kata ile alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa Google, akaandika jina la kata, ikaja makala yangu. Akaisoma, akawasomea wenzake kijiweni, akiwatafsiria. Wakati nesi ananipigia yule mama alikuwa ameshahama. Sikumpata tena. Nilienda mara mbili.

Nikawaandikia wale wa jarida waitoe. Wakasema kuitoa ni dola 300. Nikaandika tena nikiwaeleza kuna mtu anaumia, wakanitumia tangazo la toleo maalumu. Ningelipa wallahi, lakini wakati nakusanya hela imeili zikaanza kurudi. Makala bado ipo. Na zile data za mahojiano 24, miaka miwili ya kazi, siwezi kuzipeleka jarida lingine kama makala mpya maana zimeshachapishwa, kuchapisha kitu kilekile mara mbili ni kosa. Yani tumefungwa humo humo, mimi na wale akina mama.

Nilijua tofauti nilipotuma makala nyingine, ya vijana, kwenye jarida la kweli. Ilikaa miezi mitano. Wapitiaji wawili, yaani wataalamu wanaoisoma na kuikosoa kabla haijachapishwa, maoni 31, nilichukia wiki nzima. Halafu nikasoma la tisa: umetaja umri, shule na kazi ya mzazi, je wako wangapi hapo wenye sifa hizo zote kwa pamoja? Nikafunga kompyuta nikatoka nje. Ndio swali ambalo nilitakiwa niulizwe 2017. Yule mpitiaji mwingine akauliza, umetumia maswali tisa ya PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, wale waliosema ndiyo ulifanya nini nao siku ile ile, uliwaunganisha na nani? Hiyo ndiyo kazi unayolipia au usiyolipia, mtu wa kukuuliza hivyo kabla dunia haijasoma. Ni ulinzi wa yule aliyekaa kwenye benchi kuliko wako wewe.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na wanafunzi wangu wote wanaijua: hutumi makala mahali popote kabla hujasoma makala tatu za jarida hilo, mwanzo mpaka mwisho, na kumwandikia mwandishi wa mojawapo umuulize wapitiaji walimwambia nini. Sio kuangalia tovuti, sio kuangalia impakti fakta, ile namba ya jarida linanukuliwa kiasi gani, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Kusoma. Nilipokuja kulisoma lile jarida langu, kwenye toleo lilelile la afya ya akili kulikuwa na makala ya nguvu ya zege na nyingine ya mbolea ya vitunguu. Dakika ishirini tu zingetosha kuniokoa.

Usidhani ni mimi na wewe tu. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga utafiti wa uongo wa dawa ya saratani wenye makosa ya wazi akautuma kwa majarida 304, majarida 157 yakaukubali. Machi 2019 mahakama ya shirikisho ya Nevada kule Marekani ikawaamuru OMICS, kampuni ya kuchapisha majarida, walipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu mapitio na kuwaficha ada mpaka makala imeshakubaliwa. Unaona mtindo? Kubali kwanza, ada baadaye, ndio hicho hicho ulichobandika hapo juu. Orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, ya wachapishaji wa aina hii ilifungwa Januari 2017, kwa hiyo usitegemee mtu mmoja wa kukukagulia, ingia DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya bure kusoma yaliyokaguliwa, uangalie kama jarida limo, halafu rudi kwenye sheria yangu usome.

Na kuna watakaokuja hapa kukwambia majarida yote ya kweli ni ghali. Sio kweli. Kuna wachapishaji wakubwa wanaosamehe au kupunguza ada kwa watafiti wa nchi maskini, unaomba pale unapotuma, sio baada. Kuna majarida ya Afrika kwenye AJOL, tovuti inayoyakusanya pamoja, yapo mengi, mengine ada ni ndogo au hakuna. Utachelewa, ndiyo. Wale bibi wa Harare wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya urafiki, kazi iliyoanzishwa na Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, walianza 2006 na matokeo ya jaribio lao la watu 573 yalitoka JAMA, jarida kubwa la tiba la Marekani, Desemba 2016. Miaka kumi! Leo mtu yeyote akisema sonona haiwezi kutibiwa na watu wa kawaida wa mtaani waliofundishwa, unamwekea ile makala mezani. Yangu mimi nitamwekea nani?

Chuo kikikubana kwamba bila kuchapisha huhitimu, nenda na barua ya jarida la kweli inayosema makala imepokelewa na inapitiwa, kuna vyuo vinaipokea hiyo. Wasipoipokea, heri uhitimu mwaka unaofuata. Nasema hivyo nikijua ada inavyouma.

SPSS na nini sijui tutaongea siku nyingine.

Nimerudi kusoma posti yako tena sasa hivi kabla sijatuma hii. Dada, zile nukuu tatu ulizobandika ili tuone ubora wa kazi yako, ile ya pili ina kidato, jina la shule na biashara ya mama yake. Mimi niko mkoa mwingine kabisa na nimeshaanza kukisia ni shule ya upande gani. Ingia uifute sasa hivi, usisubiri kumaliza kusoma majibu ya wengine, na aliyenukuu hiyo posti hapo chini naye naomba afute.